Mkono Unaochora, Jina Linalosomwa

 

Baba zetu na mama zetu wa Nyunzu, msiondoke redioni mtakaposikia mada. Leo tunazungumza juu ya katuni, zile filamu za michoro ambazo watoto wetu wanazifuata kwenye sinema ya video, grupu ya umeme ikinguruma nje, au wanazitazama kwenye simu ya kaka yao, vichwa vitano juu ya kioo kimoja. Mtu atasema hayo ni mambo ya watoto. Ni kweli watoto ndio wanaotazama. Lakini wanaotengeneza ni watu wazima, kwa makuta mengi, kwa mikataba na kwa kesi mahakamani. Na ndani ya kazi hiyo mna swali linalotuhusu sisi wazee moja kwa moja: hadithi ikitoka kwa watu na kuingia kwenye filamu, nani anaichora, na jina la nani linasomwa mwishoni?

Nitaanzia mbali, kwenye studio ambayo hata mtoto asiyejua kusoma anaitambua alama yake, studio ya Disney ya Marekani. Nitasimulia yale ambayo hayasemwi sana juu yake. Kisha nitarudi Kongo, kwa sababu Kongo nayo ina historia ya katuni, na historia hiyo ni ndefu kuliko wengi tunavyodhani.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe. Picha ya sinema haitembei. Ni picha nyingi zilizosimama, zinapita haraka mbele ya jicho, 24 kwa kila sekunde, na jicho linadanganyika. Basi mtu akitaka filamu ya katuni ya dakika 10 tu, anahitaji picha 14,400. Wengi hupunguza mzigo kwa kutumia kila mchoro mara mbili, lakini bado inabaki michoro zaidi ya 7,000. Mtu mmoja hawezi kuimaliza upesi. Kwa hiyo katuni, tangu mwanzo, ni kazi ya mikono mingi. Na palipo na mikono mingi, ugomvi wa nani atajwe na nani asahaulike hauko mbali.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1922, katika mji wa Kansas City, kijana wa miaka 20 aitwaye Walt Disney alifungua studio ndogo iliyoitwa Laugh-O-Gram. Mwaka uliofuata ilifilisika. Siku zile za mwisho kijana alikuwa analala ofisini, na kuoga alikuwa anakwenda kwenye stesheni ya treni, kwa senti chache, kwa maana chumba cha kupanga kilikuwa kimemshinda. Akapanda treni kwenda California akiwa na dola zipatazo 40. Huko baba yake mdogo, Robert, akamkopesha dola 500, na tarehe 16 Oktoba 1923 Walt na kaka yake Roy wakaanza upya. Kwa hiyo tunapoona lile jumba la kifalme mwanzoni mwa filamu zao, tujue kwamba chini yake kuna deni la baba mdogo.

Mwaka 1927 studio ilipata bahati. Walibuni sungura wa katuni aitwaye Oswald, na watu wakampenda. Sungura! Sisi tuliokua tukisikiliza ujanja wa sungura hatushangai kwamba alipendwa. Ila mkataba ulikuwa umeandikwa kwa namna ambayo sungura hakuwa mali ya waliomchora. Alikuwa mali ya kampuni ya Universal, na msambazaji wa filamu zile alikuwa mtu aitwaye Charles Mintz. Mwaka 1928 Walt alikwenda New York kuomba nyongeza ya malipo. Mintz akamwambia kwamba atapunguziwa. Na si hivyo tu, akamjulisha kwamba wachoraji wake karibu wote tayari wameshasaini kufanya kazi kwake yeye Mintz. Walt akatoka mle ofisini hana sungura na hana wachoraji.

Mmoja wa waliobaki naye aliitwa Ub Iwerks. Huyu ndiye aliyekaa chini akamchora panya mpya, Mickey, na inasimuliwa kwamba aliweza kutoa michoro mpaka 700 kwa siku moja. Filamu ya panya huyo yenye sauti, Steamboat Willie, ilionyeshwa tarehe 18 Novemba 1928, na kuanzia hapo studio haikurudi nyuma. Sasa mnaona mambo yanavyokwenda. Dunia nzima inamjua Disney. Ukiuliza nani alimchora Mickey, ni wangapi watakaokutajia Iwerks?

Na yule sungura, je? Alirudi nyumbani mwaka 2006, baada ya miaka 78. Kampuni ya Disney ilikuwa na mtangazaji maarufu wa michezo, Al Michaels, aliyetaka kuhamia televisheni ya NBC, na NBC na Universal zilikuwa chini ya bwana mmoja. Wakakubaliana: ninyi mchukueni mtangazaji, nasi mturudishie, pamoja na mambo mengine, sungura wetu wa kuchora. Mimi kama mtangazaji sijui nicheke au nisikitike.

Kutokana na masaibu hayo, Walt Disney alijifunza kitu kimoja, na hakukisahau: usikubali kamwe kazi ya mkono wako iwe mali ya mwingine. Lakini somo hilo alilishika kwa ajili yake mwenyewe. Wale waliofanya kazi chini yake hawakufaidika nalo.

Chukua filamu ya Snow White, ya Desemba 1937, filamu ndefu ya kwanza ya studio hiyo. Wanaume walichora kwa penseli. Kisha michoro ilipelekwa kwenye jengo la wino na rangi, ambako wanawake vijana, wengi sana, walinakili kila mstari kwa wino juu ya plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, wakageuza upande wa nyuma na kupaka rangi, bila mkono kutetemeka, mchana kutwa na mara nyingine usiku. Majina yao hayakuonekana kwenye filamu. Na msichana aliyeandika barua kuomba kazi ya kuchora wahusika alijibiwa kwamba kazi ya ubunifu ni ya vijana wa kiume, wasichana nafasi yao ni wino na rangi. Mpaka mwaka 1942, katika filamu ya Bambi, ndipo mwanamke aitwaye Retta Scott alipoandikwa kwa mara ya kwanza miongoni mwa wachoraji wa mwendo. Na mnajua alichora nini? Wale mbwa wa kuwinda, wakali kuliko kitu chochote ndani ya filamu hiyo. Waliodhani mwanamke atachora maua tu walipata jibu lao.

Katika Bambi hiyo hiyo kuna jina lingine. Ile misitu ya ukungu, ambamo miti haichorwi jani kwa jani bali unaihisi tu, ilitokana na picha za Tyrus Wong, mhamiaji kutoka China. Ndiye aliyeipa filamu sura yake yote. Kwenye majina ya filamu aliwekwa miongoni mwa wachoraji wa mandhari tu, na kabla filamu haijatoka alikuwa ameshaachishwa kazi. Studio ilimtunuku heshima yake kubwa mwaka 2001. Wakati huo alikuwa mzee wa miaka 90. Alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 106. Ashukuriwe Mungu aliyempa umri mrefu, maana kama angekufa kwenye umri wa wengi wetu, angekufa bila kutajwa.

Aliachishwa kwa nini? Kwa sababu mwaka 1941 studio ilipasuka. Tarehe 29 Mei mamia ya wafanyakazi waligoma, wakasimama getini na mabango. Walilalamikia mishahara isiyo na mpango, kufukuzwa kwa mwenzao Art Babbitt aliyekuwa kwenye chama cha wafanyakazi, na lile suala letu la leo, kwamba majina yao hayaandikwi. Mgomo uliisha kwa chama kukubaliwa. Wong hakuwa amegoma, lakini kishindo cha mgomo kilimkumba na yeye. Na Wamarekani weusi? Ilibidi wangoje hadi mwaka 1956, alipoajiriwa kijana aitwaye Floyd Norman, ambaye anatambuliwa kuwa mchoraji wa kwanza mweusi wa kudumu katika studio hiyo.

Wasikilizaji, naona tunakaribia nyumbani. Kwa sababu mwaka 1994 studio hiyo ilitoa The Lion King, filamu ambayo watoto wa Nyunzu wanaijua kwa jina la Simba. Wachache wanajua kwamba ndani ya studio kazi hiyo haikutegemewa sana. Wachoraji wengi waliokuwa na majina walikimbilia filamu nyingine, Pocahontas, wakiamini hiyo ndiyo itakayovuma. Baadhi ya watengenezaji wa simba walisafiri mpaka Kenya kuangalia nyika na wanyama. Januari 1994 tetemeko la ardhi likapiga Los Angeles, studio ikafungwa, na wachoraji wakaendelea kuchora nyumbani kwao. Filamu ilitoka mwezi wa sita, na mwishowe ikaipita Pocahontas mbali sana.

Humo Simba ni Simba, Rafiki ni Rafiki, Pumbaa ni Pumbaa. Tulifurahi kujisikia. Lakini furaha isitufanye tusahau kuuliza maswali. Maneno "hakuna matata" yalikuwa yameshazungushwa duniani tangu mwaka 1982 na wimbo wa bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa, na kabla ya hapo yalikuwa ya kila mtu. Kampuni ya Disney iliyaandikisha kama alama yake ya biashara kwa ajili ya nguo, na kibali kikatoka mwaka 2003. Watu wengi Afrika Mashariki walikuja kulijua jambo hilo mwaka 2018 na wakaandika malalamiko kwa maelfu. Tuseme haki: alama ya biashara haimzuii bibi yako kusema hakuna matata sokoni. Inamzuia mwingine asiyauze kwenye fulana huko kwao Marekani. Hata hivyo jiulize: kati yetu sisi tunaoyasema kila siku, nani aliwahi kufikiri kwamba yanaandikishwa?

Na upo mfano mzito zaidi. Katika filamu hiyo Timon na Pumbaa wanaimba kuhusu simba anayelala msituni. Wimbo huo mzizi wake ni "Mbube", uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939 na Solomon Linda, Mzulu aliyekuwa mfanyakazi katika kampuni ya sahani za muziki. Inaelezwa kwamba alilipwa shilingi 10 tu kwa haki zake. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa jina na maneno, ukawatajirisha wengine. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa fukara. Mabinti zake walikwenda mahakamani mwaka 2004, na kampuni ya Disney ilikuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Mwaka 2006 pande zikapatana, familia ikaanza kulipwa. Haki ilifika, lakini ilifika baada ya baba kuzikwa.

Sasa turudi Kongo. Kabla ya uhuru, sinema ilikuwa mikononi mwa serikali ya koloni na mapadri wamisionari. Wakoloni waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu za Ulaya, kwamba atengenezewe za kwake, fupi na rahisi, zenye mafundisho. Mkuu mmoja wa ofisi ya filamu ya koloni, L. Van Bever, alichapisha kijitabu kizima kuhusu jambo hilo mwaka 1952. Ndani ya mazingira hayo, padri Mbelgiji aitwaye Alexandre Van den Heuvel, kule Léopoldville ambayo leo ni Kinshasa, alitoa katuni ziitwazo Les Palabres de Mboloko. Mboloko ni paa mdogo wa msituni, mwerevu, anayewashinda wakubwa kwa akili. Mzee yeyote wa huku atamtambua mara moja, hata kama kwetu kazi hiyo inafanywa na mnyama mwingine.

Fikirini jambo hilo kwa makini. Katuni za Kongo zilianza kabla ya uhuru. Hadithi ilikuwa yetu. Paa alikuwa wetu. Watazamaji tulikuwa sisi. Kalamu ndiyo haikuwa yetu. Aliyeamua paa atasema nini mwishoni, na mtoto wa Kiafrika ajifunze nini kutokana na hadithi ya bibi yake mwenyewe, alikuwa mtu mwingine. Simlaumu padri. Bila yeye pengine picha hizo zisingekuwapo. Nasema tu kwamba kusimuliwa hadithi yako na mwingine si sawa na kuisimulia.

Kalamu ilibadilisha mkono lini? Hapa ndipo ninapotaka vijana wasogee karibu na redio.

Mwaka 1957, huko Lubefu katika Sankuru, alizaliwa Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto. Alisoma sanaa za maigizo Kinshasa, katika taasisi ya taifa ya sanaa, na ufundi wa katuni akaupata kwa kufanya kazi na karakana ya Graphoui ya Brussels. Mwaka 1988 alianzisha studio yake, akaiita Malembe Maa, kwa Kilingala, yaani taratibu lakini kwa uhakika. Na studio hiyo ilikuwa ya namna gani? Ilikuwa studio ya kutembea. Haikuwa na jumba wala geti la kusimama na mabango. Ilikuwa kamera, taa, karatasi, mkasi na watu, vitu vinavyofungwa na kubebwa mpaka mahali walipo watoto.

Mwaka 1991 ikatoa filamu ya chura anayekwenda ukweni, kwa Kifaransa Le Crapaud chez ses beaux-parents. Ni hadithi ya Batetela, kabila lake. Hiyo inahesabiwa kuwa katuni ya kwanza iliyotengenezwa na Mkongo. Nani kati yetu haelewi uzito wa kwenda ukweni? Unavyokaa, unavyokula, unavyosalimia, unafuatana na nani, vyote vinapimwa. Mkwe aliyekosea siku hiyo husimuliwa mpaka kizazi cha tatu. Hadithi hiyo haikuhitaji mtu wa kutoka nje kuja kuirahisisha.

Na chura si mgeni katika katuni za Afrika. Miaka 25 kabla ya Kibushi, mwaka 1966, Moustapha Alassane wa Niger alichora vyura katika filamu fupi Bon voyage, Sim. Rais wa vyura anakwenda ziara nchi za nje kwa shangwe na gwaride, akirudi anakuta wananchi wake wamemchoka, wanamtupa majini. Mwaka 1966, wakati marais wengi wa Afrika walikuwa ndiyo kwanza wanazoea viti vyao! Ungemchora mtu, ungefungwa. Ukimchora chura, mkubwa akikasirika atakuwa amejitaja mwenyewe. Mababu zetu walitumia ujanja huo huo walipomsema chifu kwa mdomo wa mnyama.

Tuendelee na Malembe Maa. Septemba 1991, askari wa Kinshasa ambao mishahara yao haikuwa mishahara, walitoka kambini wakaanza kupora. Raia wengine wakawafuata. Maduka, ghala, viwanda, nyumba za watu, vyote viliguswa. Wazee wanakumbuka jinsi moto huo ulivyosambaa mpaka miji mingine ya nchi. Waandishi wa habari waliandika, wanasiasa walilaumiana. Kibushi alichukua michoro ya watoto. Akaipa mwendo, ikawa filamu fupi ya mwaka 1992, Kinshasa, septembre noir. Tunawaona askari na waporaji kama watoto walivyowaona, kwa mistari ya watoto. Mtoto hachori kama wakili wala kama mwanasiasa. Anachora ukubwa wa bunduki kwa kadiri ya hofu yake.

Mwaka 1999 ikafuata Muana Mboka, ya vikaragosi, yaani sanamu ndogo zinazosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha kila zinaposogea. Ni kijana wa mitaa ya Kinshasa anayemwokoa waziri aliyepata ajali barabarani, halafu wema wake unamgeukia kuwa matatizo. Mwaka 2004 ikaja Prince Loseno. Hesabuni miaka: kutoka filamu moja hadi nyingine mara nyingine inapita mitano. Kwa kasi hiyo huwezi kushindana na Marekani. Lakini pale hapakuwa na mashindano. Hadithi ya Mkongo ilikuwa imepata kalamu ya Mkongo, na mtoto wa Kongo alikuwa ameulizwa yeye mwenyewe aliona nini. Jambo hilo, studio kubwa kuliko zote duniani haikuwa imelifanya kwa ajili yetu.

Kwa majirani pia kumekucha. Mwaka 2023 Disney yenyewe ilitoa mkusanyiko wa katuni fupi za Waafrika, Kizazi Moto, na humo yumo Raymond Malinga wa Kampala na Ng'endo Mukii wa Kenya. Mwaka 2024 ikatoa Iwájú, iliyobuniwa na kampuni ya Kugali ya vijana wawili wa Nigeria na mmoja wa Uganda. Vijana hao walikuwa wamejigamba hadharani mwaka 2019 kwamba wataishinda Disney ndani ya Afrika. Disney ikasikia, ikawatafuta. Safari hii majina ya Waafrika yamewekwa mbele. Ni hatua, ingawa mwenye ghala bado ni yule yule.

Sasa, ndugu zangu wa Nyunzu, haya yanatuhusu nini? Najua kuna baba ameketi hapo anasema: mtangazaji, barabara imekatika, mihogo imeoza kwa kukosa gari, watoto wanafukuzwa shule kwa ajili ya makuta, na wewe unatuletea katuni? Baba, una haki. Katuni haitatengeneza barabara. Lakini sikiliza upande wa pili.

Teritware yetu imeona mambo mazito tangu mwaka 2013, Baluba na Batwa walipoinuliana mikono. Vijiji viliungua. Watu walilala porini, wengine walikimbilia kambini Kalemie. Watoto waliokuwa na miaka sita wakati ule leo ni vijana. Tumefanya mabaraza, wazee wamezungumza, viongozi wamezungumza, mashirika yamezungumza, na wageni wamekuja na kamera zao wakatupiga picha, wakaondoka nazo. Watoto walioyaona wamezungumza wapi? Wakongo hawakuwa na kalamu enzi za paa Mboloko. Watoto wa Nyunzu leo wanayo kalamu, na katika nyumba nyingi kuna simu yenye kamera. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kuwaambia: chora ulichokiona, nitakaa nikutazame.

Tena kuna hadithi. Baluba wanazo, Bakalanga wanazo, Bahemba wanazo, na Batwa, ambao wanaujua msitu kuliko sisi wote, wanazo ambazo wengi wetu hatujawahi kuzisikia kwa sababu hatukuketi nao. Mtoto wa Kiluba akifinyanga kwa udongo mnyama wa hadithi ya mzee wa Kitwa, atalazimika kwanza kwenda kumsikiliza. Hapo kazi kubwa itakuwa imeshafanyika kabla ya picha ya kwanza.

Nawapeni hesabu, walimu, msiseme nimewaachia maneno matupu. Simu moja, imebanwa kati ya matofali mawili isitikisike. Udongo wa mfinyanzi kutoka mtoni. Picha 12 kwa kila sekunde zinatosha. Dakika moja ni picha 720. Darasa la watoto 36, kila mtoto akisogeza na kupiga mara 20, dakika imekamilika. Programu za kuunganisha picha zipo za bure, zinapitishwa kutoka simu hadi simu kama nyimbo zinavyopitishwa. Itatetemeka, taa itabadilika, kidole cha mtu kitaonekana. Acheni kionekane.

Ila jambo moja msilifanyie uzembe. Mwishoni andikeni majina. Mzee aliyesimulia, na kijiji chake. Waliofinyanga. Waliosogeza. Aliyeshika simu, na mwenye simu. Majina 36 yapite yote, hata kama yatakuwa marefu kuliko filamu yenyewe. Akija mtu kutoka Kalemie, Lubumbashi au Ulaya akisema kazi hii nzuri, nipeni niipeleke mbali, mwulizeni kwanza karatasi yake inasema nini, na isomeni pamoja na mtu anayejua kusoma mikataba. Sungura wa Marekani alikaa ugenini miaka 78 kwa sababu ya karatasi iliyosainiwa kwa furaha. Solomon Linda hakuiona haki yake kwa sababu ya shilingi 10.

Mimi kwa upande wangu natoa ahadi ya redio. Shule itakayokuja na hadithi, sauti yake tutairusha hapa hapa saa kama hii, na kabla hadithi haijaanza tutasoma jina la mzee aliyeisimulia. Mama wa Kitwa, baba wa Kiluba, ninyi mnaotusikiliza, anzeni kukumbuka. Vijana watakuja kubisha hodi, msiwaambie mmesahau.